Yule msemaji wetu wa misibani leo amemzika mjane!

Wadau, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua. Yule wa "sitawachosha, nina maneno mawili tu". Leo kwenye kumbukumbu ya mzee wetu kapewa kipaza sauti asome wasifu. Dakika 40! Marehemu katajwa kwa kupitia tu: yeye ndiye aliyemshauri, yeye ndiye aliyempokea, yeye, yeye, yeye. Watoto waliokuja wamebebwa nusura waondoke wameota ndevu.

Halafu jina likampotea. Akapandisha miwani kwenye paji la uso, akalamba kidole, akageuza karatasi nyuma na mbele, akasoma: Mungu amlaze mahali pema... JINA LA MJANE! Mjane mwenyewe kakaa safu ya mbele, hatua 3 kutoka kwake! Mama wa watu akashusha leso taratibu, akamtazama. Jamaa wala hakushtuka, akaendelea.

Kosea tarehe, kosea cheo, tutakusamehe. Lakini umlaze pema mtu anayepumua, anakutazama usoni?

Kifaru Mpole: Na wewe ulikuwa wapi mkuu? Si ungenyanyuka umsahihishe? Ukali umekupata ulipofika nyumbani.

Mleta uzi: Nilipigwa na butwaa! Alisoma jina la MJANE!

Mhunzi: Kosa lilianzia kwenye hizo dakika 40. Gettysburg kule Marekani mwaka 1863, kwenye kuzindua makaburi ya askari, msemaji maarufu Everett alihutubia muda wa saa 2 hivi. Rais Lincoln akasimama kama dakika 2 tu. Leo hotuba ya nani inakumbukwa?

Mleta uzi: Dakika sijali! Angeongea hata mpaka asubuhi. Ile leso ilivyoshuka, wadau...

Kitasa: Afadhali nyie. Sisi kwenye kumuaga mstaafu tumesomewa risala ya mwenzake wa mwaka jana. Kapongezwa kwa kulea watoto 6. Hana hata mmoja!

Bi Mkali: Risala ina nafuu. Mimi nawachukia wanaogonga kipaza sauti "moja mbili, moja mbili" watu wakilia.

Kitasa: Na kile kinachopiga mluzi! Masikio yanauma siku nzima.

Mleta uzi: Jamani, mjane...

Bundi: Mluzi unatokea kwa sababu msemaji anasimama mbele ya spika, sauti inarudi kwenye kipaza. Spika zikae mbele yake, zielekee kwa watu.

Bi Mkali: Mwambie fundi wetu, kila siku anaziweka nyuma ya jukwaa!