Frigo ya gesi ya karavani haipoi kwenye parseli yenye mteremko, naomba ushauri

MamaWaMuhumba
Jambo ndugu zangu. Tuna karavani ya magurudumu mawili hapa Bukavu, iko nyuma ya nyumba, ndicho chumba chetu cha wageni. Miteremko ya Muhumba mnaijua. Frigo yake inatumia umeme au gesi, na umeme ukikatikakatika tunawasha gesi. Ilipokuwa imesimama barabarani, mahali tambarare, iligandisha vizuri. Tangu iingie uani, bomba za nyuma zinaunguza mkono lakini maziwa yanachacha ndani. Wageni nao wanaamka wamesukumana ukutani. Kuna fundi anataka kuijaza gesi mpya ya kupoza. Nimkubalie?

Papa_Frigo
Usimkubalie, mama. Hiyo haina kompresa, ile mashine ya kusukuma gesi kwenye frigo za kawaida. Ndani mna amonia, maji na hidrojeni, vilivyofungiwa kiwandani. Moto unaitoa amonia kwenye maji, inapanda ikiwa mvuke, inapoa huko juu na kuwa kimiminika, kisha inateremka kwa uzito wake tu. Hakuna pampu ya kuisukuma. Frigo ikiinama, kimiminika kinatuama njiani huku moto ukiendelea kuchoma. Mle mna pia kromati ya sodiamu ya kuzuia kutu. Joto likizidi, inageuka chembechembe na kuziba bomba, na bomba likiziba halizibuki. Izime leo hii, tafadhali.

Halafu azima nivo ya mwashi, kile kipimo cha usawa, upime ndani ya frigo yenyewe. Nyingi za aina hii hazitaki kuinama zaidi ya nyuzi 3, yaani ubao wa mita 1 ukilazwa sawasawa, ncha moja iachie kama sentimita 5 tu.

MamaWaMuhumba
Asante, papa. Nimeizima. Mbele na nyuma pako sawa, ila kushoto na kulia ubao wa mita 1 unaachia sentimita 9! Niinue kwa zile jeki nne za pembeni?

Dereva_Essence
Hapana mama, hizo ni za kuzuia mtikisiko; ukizibebesha karavani zitapinda. Kinachoinuliwa ni gurudumu. Kama kati ya magurudumu ni mita 2, una sentimita 18 za kusawazisha, na kuzijaza zote kwa mbao ni hatari. Chimba upande wa juu sentimita 10, upande wa chini tandika mbao ngumu, pana, za sentimita 8. Ivute taratibu kwa gari mpaka ikae, zuia magurudumu kwa mawe mbele na nyuma, ndipo uifungue kwenye gari. Urefu wake usawazishe kwa kile kigurudumu cha mbele. Jeki mwisho kabisa, ziguse ardhi tu. Udongo wetu ukilowa unadidimia, kwa hiyo weka mawe bapa chini ya mbao na upime tena kila baada ya mvua kubwa.

Yaya_Nguba
Mama, kabla ya kuwasha chungulia kwenye matundu ya hewa ya nyuma. Unga wa njano au harufu kali ya amonia maana yake bomba limetoboka: usiwashe, fungua madirisha. Na matundu hayo asiyazibe mtu kwa sababu ya baridi. Moshi wa gesi unaua watu wakiwa usingizini.

MamaWaMuhumba
Hakuna unga wala harufu. Vijana wanachimba sasa. Wakimaliza niwashe?

Papa_Frigo
Iache ipumzike mpaka kesho asubuhi, ndipo uwashe. Inapoa polepole, ipe mchana na usiku kabla ya kuweka nyama. Ikiwa bado nyuma pana moto na ndani pana vuguvugu, kitengo chote cha kupoza kitabadilishwa. Tuandikie matokeo.