Frontenac zimeshakuwa nyeusi, mbona bado chachu hivi?

Mama_Uzio
Wadau, habari. Nyumba tuliyohamia hapa Saint Paul, Minnesota, ina mizabibu minne ya Frontenac kwenye uzio. Zabibu nyeusi tangu Agosti, lakini ukitafuna moja meno yanashika ganzi. Nivune? Zinafaa jeli au divai? Na kaka yangu wa Dodoma anaulizia vipando.

Pogoa
Usivune. Rangi hutangulia utamu kwa wiki kadhaa. Aina hii, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1996, mzazi wake mmoja ni riparia, mzabibu mwitu wa kingo za mito. Ndiye aliyeipa uwezo wa kuvumilia nyuzi -35 za Selsiasi, na uchachu pia ni wake. Ngoja mpaka mbegu ziwe kahawia na kipima sukari kisome Brix 24 au 25, kwa kawaida mwishoni mwa Septemba. Tandaza wavu mapema, ndege hawasubiri kipimo.

Kingine, punguza majani yanayofunika vishada. Asidi ya maliki, moja ya asidi kuu za zabibu, huungua kwa joto, kwa hiyo kishada cha kivulini hubaki kichachu hata kama sukari imepanda.

Sufuria_Nzito
Kwa jeli ni tamu kweli, ina ladha ya cheri. Ponda, weka maji kidogo, chemsha taratibu dakika 10, chuja kwa kitambaa bila kukamua. Halafu juisi ilale kwenye friji siku moja au mbili. Usiruke hatua hii: chini hutuama chembe ngumu za tartari, na ukizichanganya jeli yako itakuwa kama ina mchanga. Mimina juu taratibu, mashapo uyaache.

Juisi lita 1.2, pektini ya unga pakiti moja (gramu 49), sukari kilo 1.2. Pektini ichemke kwanza na juisi, ndipo sukari iingie yote kwa mkupuo; ikichemka tena kwa nguvu, hesabu dakika moja uepue. Ukipunguza sukari kwa pektini hii ya kawaida, haitaganda.

Mama_Uzio
Asante sana. Na divai?

Pogoa
Inawezekana, ila asidi itakusumbua. Tumia hamira ya divai iitwayo 71B, inakula sehemu ya maliki. Chokaa safi ya kalsiamu kabonati, gramu 0.67 kwa lita, hushusha asidi gramu 1 hivi kwa lita, lakini inaondoa asidi ya tartari tu. Ukizidisha, divai inakuwa dufu na maliki ipo palepale. Bakteria wanaogeuza maliki kuwa asidi laini zaidi ni wazuri, ila ukishawatumia usitie sorbati ya potasiamu (kihifadhi): divai itanuka jani la jeranio, na harufu hiyo haitoki.

Makutupora_Juu
Dodoma, hapana. Damu ya riparia hujiandaa kulala mwanga wa siku ukishuka chini ya saa 13 hivi. Huku ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo chipukizi hudumaa kabla ya kufika waya wa kwanza wa kuegemezea mizabibu. Na vipando havivuki mpaka bila kibali na cheti cha afya ya mimea. Kaka achukue aina ya zabibu ya Makutupora nyekundu hapahapa, avune mara mbili kwa mwaka.