Vioo vya umeme kusuasua kwenye magari ya zamani: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Nina Mercedes W123, 280E ya 1983. Injini haina neno, bodi haina neno, ila vioo vya umeme vimenishinda. Cha dereva kinashuka vizuri, kupanda ndiyo kazi: kinafika katikati, kinajivuta, taa za dashibodi zinafifia, mpaka nikisaidie kwa kiganja. Trafiki akinisimamisha nafungua mlango kabisa, maana nikishusha kioo mvua ikinyesha nimekwisha.

Fundi niliyempelekea alibonyeza swichi mara moja akasema mota imekufa, tafuta nyingine. Bei ya mota ya W123 mnaijua. Kabla sijaingia mfukoni, waliopona ugonjwa huu watuambie: kwenu ilikuwa nini hasa?

Dar, fundi umeme

Mkuu, usinunue mota kabla hujashika mita ya volti. Fungua paneli ya mlango, weka mita kwenye soketi ya mota, kisha mtu abonyeze swichi kioo kikipanda. Sharti kioo kiwe kinatembea. Ukipima soketi ikiwa imechomolewa kwenye mota, hata waya uliooza utakuonyesha volti zote na utadanganyika, kwa sababu hakuna mkondo unaopita.

Injini ikiwa imewashwa, betri inapata karibu volti 14. Ukisoma 12 na ushee kwenye mota, umeme unafika. Tafuta uzito kwenye kioo chenyewe au kwenye mota. Ukisoma 9 au 10, umeme unaliwa njiani, na hata ukifunga mota mpya itasuasua vilevile. Watu hawaamini jinsi kutu kidogo inavyokula umeme: upinzani wa ohm 0.2 tu, mota ikivuta ampea 10, volti 2 zimekwenda.

Kwa W123 mimi naanzia kwenye fyuzi. Zile zenye umbo la risasi ya bunduki, za ncha mbili zinazokaa kwenye vibano, nyingi ni za aluminiamu na ncha zake zinaota unga mweupe. Zizungushe kwa vidole uone kama kioo kitachangamka. Kikichangamka, safisha vibano kwa msasa laini, weka fyuzi za shaba, zenye ampea zilezile. Nyekundu ni 16, nyeupe ni 8. Usipandishe ampea kutafuta nguvu, utaunguza nyaya.

Mombasa, Peugeot 505

Kwangu ilikuwa swichi. Hewa ya bahari haina huruma na shaba. Nilipoifungua, vile visahani vya ndani vilikuwa vyeusi tii kama chungu cha kuni. Nikavipiga msasa namba 1000, nikavipangusa kwa spiriti, kioo kikapanda kama cha gari la juzi. Ila fungulia juu ya kitambaa cheupe, yakhe, ndani mna springi ndogo na vigololi vinavyoruka. Kimoja changu kiliingia chini ya kiti na sijakiona hadi leo. Nimeweka cha baiskeli kilicholingana.

Arusha, Toyota Mark II GX81

Naongezea kwa wenye Toyota. Kioo cha abiria kikiwa kizito, msikimbilie swichi ya mlango ule. Kwenye magari mengi ya namna hii umeme wa vioo vyote unapitia swichi kubwa ya dereva, hata abiria anapobonyeza ya kwake. Mimi nimebadilisha swichi ya nyuma kushoto bure kabisa, kwa ushauri wa duka, kumbe uchafu uko mlango wa dereva.

Halafu kuna nyaya za kwenye bawaba, ndani ya ule mpira unaokunjika kila ukifungua mlango. Waya wenye nyuzi nyingi unakatika kidogokidogo. Zikibaki nyuzi chache, mota bado inazunguka, lakini kinyonge. Bonyeza swichi huku ukifungua na kufunga mlango taratibu. Kioo kikibadilisha mwendo, umempata mwizi.

Maskati, Mercedes W126

Assalaam alaykum. Kwetu kiangazi joto linapita nyuzi 45, na ugonjwa wetu mara nyingi si umeme, ni mipira. Mpira wa reli ya kioo unakauka, unakaza, kioo kinakwama kama kimebanwa koleo. Jaribio lake halina gharama: mwagia maji ya sabuni kwenye reli zote mbili, pandisha na kushusha. Kikiwa chepesi ghafla, mota yako ni nzima. Osha reli, toa mchanga wote kwa brashi ya meno, ikauke, kisha puliza silikoni. Oili ya injini na grisi usipeleke kwenye mpira: inauvimbisha na inanasa vumbi, baada ya miezi michache una simenti mle ndani.

Grisi mahali pake ni kwenye mashine ya kioo, yaani reli za chuma, meno na vigurudumu. Ya kiwandani ikizeeka inakuwa nta ya kahawia; ikwangue kwanza, ndipo upake ya lithiamu nyeupe.

Nairobi, BMW E30

Mimi nilienda njia ya rilei, yaani swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo ili ipitishe mkondo mkubwa. Magari haya mkondo wote wa mota unapita ndani ya swichi, ndiyo maana zinaungua. Kila kioo nimekipa rilei mbili za miguu mitano, kwa sababu mota inageuza uelekeo kwa kugeuza chanya na hasi. Mguu ulioandikwa 87 unapata umeme wa betri kupitia fyuzi, 87a unakwenda bodi (hasi), 30 unakwenda kwenye mota. Swichi inabaki kuamrisha tu. Lakini usafishe reli kwanza. Rilei kwenye kioo kilichokwama ni kuua mota haraka zaidi.

Aliyeanzisha mada

Wakuu, ahsanteni. Nimepima: volti 9.6 kioo kikipanda. Fyuzi zilikuwa na ule unga mweupe, nimeweka za shaba, sasa nasoma 11.8 na mwendo umebadilika kabisa. Kilichobaki ni grisi kuwa nta. Nataka nitoe mota ili nisafishe vizuri na nicheki kaboni zake, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Kuna la kuangalia?

Dar, fundi umeme

Lipo, na ni kubwa. Kwanza kifunge kioo juu kwa utepe imara kisije kikadondoka. Pili, angalia kama mashine yako ina springi ya kuviringika. Ile springi imeshikwa na gia ya mota; ukiitoa mota bila kuzuia meno, mkono wa chuma unageuka kwa kishindo na kidole kikiwepo hapo hakibaki. Pitisha bolti nene kwenye meno na kwenye bamba, ikaze, ndipo uguse skrubu za mota. Kaboni zikiwa fupi kuliko upana wake, badilisha. Kwa waunda mota utapata za kuchonga.