Muuzaji anayekwambia bodikiti ya MGB "inaingia moja kwa moja" anakuibia

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Nipo Coventry, Uingereza. Gari ni MGB GT ya 1977, gari la michezo la Kiingereza lenye paa, zile zenye bampa kubwa nyeusi za mpira. Nikanunua bodikiti, yaani seti ya vipande vya faiba vya kubadilisha umbo la gari, niiweke mtindo wa Sebring, kama zile za mashindano: madigadi yaliyovimba, bampa la faiba mbele na nyuma, vifuniko vya taa. Muuzaji simtaji na gereji siitaji, madai bado yanaendelea. Tangazo lilisema kila kitu kinafungwa kwa bolti, hakuna kukata bodi. Uongo mtupu!

Madigadi ya mbele ya MGB kweli yanafunguka kwa bolti. Ya nyuma yamechomelewa na bodi yenyewe, kiwandani, tangu gari hizi zianze 1962. Ukitaka tairi pana liingie nyuma, lazima ukate ule ukingo wa juu ya tairi. Na pale pana mabati mawili, la nje na la ndani, yamekutanishwa kwenye ukingo huohuo. Ukikata umeyaachanisha. Fundi mwenye akili anayakunja, anayachomelea upya mzunguko mzima, anapaka dawa ya kutu, ndipo analeta faiba juu yake. Wangu walipitisha grenda, wakajaza povu la kopo kwenye mwanya, wakapiga ribiti, wakasawazisha kwa puti, wakapiga rangi. Kwa nje, ungeipiga picha ukaitundika ukutani! Kumbe kila mvua ikinyesha (na huku inanyesha, mnajua) tairi linarusha maji ndani, povu linayanywa, bati linaoza kimyakimya. Nilistuka zulia la nyuma lilipoanza kunuka unyevu.

Lakini hilo si baya kuliko yote.

MGB haina chesisi. Bodi ndiyo chesisi. Chini ya milango kuna sili, yaani ile boriti ya chuma ya kila upande, na imejengwa kwa tabaka: bati la nje, bati la katikati, bati la ndani. Hiyo ndiyo inayozuia gari lisijikunje katikati. Kwenye ile ya wazi isiyo na paa ndiyo uti wa mgongo kabisa. Ukikata sili bila kuweka nguzo za kushikilia mlango, bodi inalegea na mlango haufungi tena. Sasa bodikiti inakuja na vifuniko vya faiba vya kuficha sili. Fundi wa pili alipovibandua, akachomeka bisibisi kwenye sili la kulia ikazama hadi kwenye mpini. Wale wa kwanza walitoboa matundu ya ribiti kwenye chuma hichohicho! Usiniambie hawakuona. Keekee ikipita kwenye kutu haitoi vumbi sawa na la chuma kizima, na fundi bodi yeyote anajua hilo. Waliona, wakafunika, wakaandika risiti.

Na sheria ya hapa inawasaidia. Tangu Mei 2018, gari lililopita miaka 40 Uingereza halilazimiki kwenda ukaguzi wa kila mwaka wa MOT, ilimradi halijafanyiwa mabadiliko makubwa. Hata ukilipeleka kwa hiari yako, mkaguzi haruhusiwi kufungua vifuniko, anaangalia kinachoonekana. Kutu iliyo ndani ya sentimita 30 kutoka zinapofungwa mikanda au springi inaweza kuliangusha gari, lakini ikiwa chini ya faiba na rangi mpya nani ataiona? Ndiyo maana siku hizi nikikuta MGB inauzwa na vifuniko vya sili vinavyong'aa, naanza na wasiwasi.

Faiba yenyewe ni kichekesho. Kushoto mwanya wa boneti unaingiza kidole, kulia haupitishi karatasi. Rangi imeanza kuzama na kutoa vitundu, dalili kwamba kipande kilipigwa rangi kabla resini haijakauka sawasawa. Indiketa za mbele zikawa zinawaka zinapotaka, kwa sababu faiba haipitishi umeme na hakuna aliyekumbuka kuzivutia waya wa erthi. Hili ni somo la siku ya kwanza gereji, jamani.

Nilipolalamika, muuzaji akajibu kwamba gari za zamani hazilingani kushoto na kulia. Sawa, ni kweli, kiwanda cha MG pale Abingdon hakikuwa na roboti. Kama unalijua hilo, kwa nini tangazo lako linasema bolti kwa bolti? Halafu akaniletea hadithi za mashindano. Bwana wee, zile MGC GTS, ndugu za MGB za mashindano, zilizokimbia saa 12 za Sebring kule Florida mwaka 1968 na 1969 zilitengenezwa na idara ya mashindano ya kiwanda chenyewe, kwa paneli za aluminiamu. Hakuna aliyepigilia plastiki juu ya sili bovu akaiita Sebring.

Pesa niliyotoa, bodikiti na kazi na rangi, ingemtolea mtu Toyota IST bandarini Dar na akabaki na ya bima. Sasa natakiwa kulipa tena: sili zote mbili, mabati ya nyuma, rangi. Mabati mapya yapo, kampuni ya British Motor Heritage bado wanatoa hata bodi nzima ya MGB kwa mitambo ya zamani, kwa hiyo spea si tatizo. Tatizo ni mikono.

Wa Nairobi mnaoandaa MG zenu kwa ajili ya Concours, yale mashindano ya gari lililotunzwa vizuri zaidi, msiagize paneli hizi kwa meli kabla mtu wenu hajazijaribisha kwenye gari huku. Zikifika na nyufa au zimepinda, hakuna wa kuzirudisha.

Ninachotaka kwenu: kama kuna mdau anamfahamu fundi wa kuchomelea sili maeneo ya Midlands, anayefunga nguzo za mlango kabla ya kukata na anayekubali usimame pale ukiangalia, aniandikie faragha. Picha za bisibisi nitaziweka jioni. Na wewe unayejiandaa kuniambia "si ungenunua Mazda MX-5", pita kando.