Tuliopita VETA, FDC (vyuo vya maendeleo ya wananchi) au gereji baada ya sekondari, tupeane uzoefu (Dodoma na jirani zake)

Fundi_Nkuhungu
Mbukwenyi wadau. Nimekaa hapa Nkuhungu na mtoto wa dada yangu, matokeo ya form four yametoka kapata div 4 ya 28 na tangu jana hataki kula. Bibi yake kila nusu saa anamwambia "utaenda veta kama wenzio", yani anavyolitamka ungedhani anamwambia utaenda jela ya Isanga.

Mimi nimepita hukohuko, umeme wa majumbani, 2009, na ndo umenilea mpaka leo. Ila siwezi kumdanganya dogo kwamba ni mteremko. Skuizi serikali inaongea ufundi kila kona, ile sera ya elimu ya 2014 toleo la 2023 imezinduliwa hapahapa Dodoma Februari 2025, na mkondo wa amali (yani wa ufundi) umeshaingia sekondari. Sawa. Ila nataka dogo asome ya watu waliopita, ulisoma nini, na siku umetoka getini na cheti mkononi ikawaje. Wa kuja kusifia au kutukana tu wapite.

Naanza mimi. Ada haikuwa shida, kutwa 60,000 kwa mwaka, bweni 120,000, kilichomuumiza mzee ni ovaroli, buti, plaizi, tesa na vikorokoro vingine. Field nikaangukia kwa mzee mmoja Chang'ombe, wiki tatu nzima kanipa tindo na nyundo nachana kuta tu, waya siushiki. Nilimchukia yule mzee, leo namshukuru. Kilichonikuta baadae ndo sikufundishwa. Nimepata nyumba ya kwanza vyumba vitatu, nimefunga wiring safi kabisa, mwenye nyumba anaenda kuomba umeme anaambiwa fomu iwe na muhuri wa mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji. Leseni sina! Nikamtafuta aliyenayo, kagonga muhuri hata nyumba hajaikanyaga, karibu nusu ya hela yangu ikabaki kwake. Miaka miwili yote chuoni hakuna aliyetuambia hiyo leseni inatafutwaje.

MamaJunior_Kibaigwa
Mimi niliacha shule form two 2016 kwa sababu ya ujauzito, na kipindi kile ukitoka ndo umetoka, ruhusa ya kurudi imekuja Novemba 2021 mwanangu ashaanza chekechea. Shangazi ndo akanipeleka FDC huko Mpwapwa nikasome ushonaji. Watu wanavidharau sana vyuo vya maendeleo ya wananchi ila mimi kilichonibeba ni kwamba pale kuna sehemu ya watoto, nakabidhi mtoto asubuhi naingia darasani, mchana naenda kunyonyesha narudi kwenye cherehani. Ni chuo gani kingine kingenikubali na mtoto mgongoni?

Sasa kurudi Kibaigwa, msimu wa mahindi hela ipo, sare za shule zinatafutwa, mteja anageuza shati ndani nje anaangalia mshono hauna ovaloki (ule uzi wa kuzuia kingo zisifumuke) ananirudishia. Cherehani ninayo, mashine ya ovaloki sina. Ikawa nashona kwangu nabeba nguo kwenye mfuko naenda kwa jirani kupigiwa ovaloki kwa hela, faida yote inaishia hapo. Tukaunda kikundi tuombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), tumekamilisha makaratasi, Aprili 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima 😂 ilivyorudi 2024 kikundi kishasambaratika, wawili wameolewa. Ovaloki nimenunua mwaka jana kwa hela ya kibati, ule mchezo wa kuchangishana na kupokezana.

Spana17
@Fundi_Nkuhungu mimi sina form four wala veta. Nimekulia gereji hapa Majengo toka nina miaka 15. Nilichopata ni ile ya kurasimisha ujuzi, unapimwa ujuzi ulioupata kazini unapewa cheti, wenyewe wanaita RPL, ipo kwenye Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi ya Ofisi ya Waziri Mkuu, sikutoa hata mia. Nilidhani naenda kukalishwa darasani, kumbe mpimaji anakuja hapohapo unapofanyia kazi. Akanikuta narudisha silinda hedi, kasimama kimya, nakaza bolti naanzia katikati natoka nje kama nilivyofundishwa. Akauliza kwanini hivyo. Nikamwambia ndo inavyofanywa. Akasema hapana niambie kwanini. Aisee miaka 11 nafanya kitu sijawahi kujiuliza! Kumbe ukianzia pembeni hedi inapinda. Kwenye kuelezea nilikuwa hovyo kwaiyo nikapigwa mafunzo ya kuziba mapengo kwanza ndo cheti kikatoka.

Faida yake? Mradi mmoja wa barabara huku nje ya mji ulikuwa unachukua mafundi, mwaka wa nyuma nilirudishwa getini kwa kukosa karatasi, safari hii nikaingia. Mikono ni ileile.

ChumaChakavu
Mi nilisoma uchomeleaji chuo kimoja cha binafsi sikitaji. Mashine mbili, watu 34, rodi tunahesabiwa kama vidonge vya hospitali. Zamu yako ikifika umeme umekatika. Nikamaliza na cheti kizuuuri cha level II. Nikaenda karakana moja Kizota kuomba kazi, bosi hata cheti hakukiangalia, kanipa vipande viwili vya bomba kasema unga. Mshono ukatoka kama mavi ya mbuzi. Akaita wenzake waje waone. Nilianza upya pale kama saidia fundi, mwaka mzima nasaga na grinda.

Mhasibu_wa_Ilazo
Ngoja niongee upande wa waajiri mana hapa mmeongea mafundi tu. Mimi kila mwezi najaza SDL, tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inakatwa kwa asilimia ya mishahara (Julai 2023 ilishushwa toka 4 hadi 3.5), inamhusu mwajiri mwenye watu 10 na kuendelea. Jina lake lenyewe linasema ni ya kuwafundisha hawa vijana. Bosi analalamika kila nikimpelekea asaini. Wiki hiyohiyo wanakuja vijana watatu na barua za field, wamepanda daladala mbili kuja huku, anasema waambie hatuna nafasi, watatuharibia vifaa. Halafu tukitangaza kazi tunaandika uzoefu miaka mitatu. Tangazo naliandika mimi, kwaiyo msinitukane sana.

Baba_Watatu_Nzuguni
Wangu yupo amali, ndo kundi la kwanza walioanza form one 2024, watafika form four 2027. Mpaka sasa anajua kutengeneza kigoda, kipo sebuleni kinayumba kidogo ila nakikalia. Zaidi ya hapo siwezi kusema, niulizeni 2027.

Fundi_Nkuhungu
Dogo kasoma zote, alivyofika kwenye mavi ya mbuzi kacheka, mara ya kwanza tangu jana, na kala ugali na mlenda. @Spana17 anauliza hadi chuo kifungue anaweza kuja hapo kwenu kushika spana?

Spana17
Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, asichelewe. Asije na raba nyeupe. Mwezi wa kwanza ni kuosha vyuma na dizeli tu, hela ya kula nitampa, ya nauli simuahidi. Na nitamuuliza kwanini kwa kila kitu, mwambie ajiandae.

Fundi_Nkuhungu
Kasema raba anazo hizohizo nyeupe.

Spana17
Zitakuwa nyeusi hadi jioni. Bibi asimsindikize.