Mfumo wa nusu-urais: neno la mwisho ni la nani?

Msoma Katiba
Ndugu zangu, habari zenu. Nimesoma kwamba katika mfumo wa nusu-urais wananchi humchagua rais kwa kura zao, na wakati huohuo yupo waziri mkuu anayewajibika kwa Bunge. Wawili hao wakitofautiana, neno la mwisho huwa la nani? Je, kila nchi yenye rais na waziri mkuu ina mfumo huu?

Kifungu cha Nane
Swali la pili ni jepesi: hapana. India na Italia zina viongozi hao wote wawili, lakini rais hachaguliwi na wananchi moja kwa moja, kwa hiyo mfumo wao ni wa kibunge.

Kuhusu neno la mwisho, itazame Ufaransa, ambayo Katiba yake ni ya mwaka 1958 na ambayo iliamua kwa kura ya maoni ya 1962 kwamba rais achaguliwe na wananchi wote. Rais humteua waziri mkuu, lakini Bunge linaweza kuiangusha serikali kwa kura ya kutokuwa na imani. Kwa hiyo, chama chake kikiwa na wabunge wengi, yeye ndiye mtawala halisi, na waziri mkuu hujiuzulu akitakiwa kufanya hivyo, ingawa Katiba haimpi rais mamlaka ya wazi ya kumfukuza. Mwaka 1986 mambo yaligeuka. Chama cha Rais Mitterrand kilishindwa katika uchaguzi wa wabunge, naye akamteua mpinzani wake, Jacques Chirac, ambaye alishika usukani wa mambo ya ndani. Rais hakubaki pambo: mwezi Julai alikataa kutia saini amri ya kubinafsisha mashirika ya umma, na serikali ikalazimika kuipitisha Bungeni kama sheria. Kwangu mimi, tukio hilo linaonyesha mpaka kati yao vizuri kuliko maelezo yoyote ya vitabuni.

Mpenda Hoja
Naunga mkono, ila Ufaransa isichukuliwe kuwa kipimo cha wote. Chini ya Katiba ya Urusi ya 1993, rais anaweza kuiondoa serikali kwa uamuzi wake mwenyewe, na jambo hilo pekee linatosha kumfanya waziri mkuu amtazame rais kabla ya kulitazama Bunge.

Msoma Katiba
Nashukuru sana. Je, Wafaransa hawakutafuta njia ya kuepuka mvutano huo?

Kifungu cha Nane
Walitafuta. Mwaka 2000 walipunguza muhula wa rais kutoka miaka saba hadi mitano, na tangu 2002 wabunge wamekuwa wakichaguliwa muda mfupi baada ya rais, ili ushindi wake uwabebe wabunge wa chama chake. Hata hivyo rais anaweza kulivunja Bunge kabla ya wakati, na Macron alipofanya hivyo Juni 2024 hakuna kambi iliyopata wingi katika viti 577. Desemba mwaka huohuo wabunge waliiangusha serikali ya Michel Barnier, aliyekuwa ameteuliwa Septemba.