Fasihi ya Kiingereza Kidato cha Nne: nimeambiwa "unasimulia", nifanyeje?

Mama Genge (Tukuyu)
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, nina genge la ndizi na maparachichi, nasoma usiku watoto wakishalala. Sarufi naimudu. Kinachonitesa ni maswali ya vitabu. Tumesoma tamthilia ya The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka, na yule mzee Baroka, chifu wa kijiji, kanichekesha mpaka mume wangu akauliza kuna nini. Zoezi la majuzi nimejaza kurasa vizuri tu, karatasi imerudi na wino mwekundu pembeni: "Unasimulia." Alama 6 kati ya 15. Sasa nisiposimulia niandike nini?

Kijana wa Mwanjelwa
Mama usijitese. Nunua madesa, yale majibu yaliyoandaliwa tayari, kariri hoja, umemaliza.

Mwalimu Mstaafu (Mafinga)
Madesa yanakumbusha tu. Msahihishaji akikutana na karatasi kumi zenye hoja zilezile kwa mpangilio uleule, anajua zimetoka wapi.

Mama, anayekusahihisha anamjua Sidi, yule binti anayegombewa, tangu zamani, usimtambulishe upya wala usimrudie kisa chote. Kama swali ni mgongano wa mila na usasa, aya ianze na hoja yenyewe: mahari inawagawa watu. Kisha ushahidi. Lakunle, mwalimu wa shule pale kijijini Ilujinle, anataka kumuoa Sidi ila mahari hataki kulipa. Kwake ni sawa na kununua mtamba sokoni. Sidi naye hakubali kuolewa bure, maana kijiji kitasema hakuwa bikira. Ongeza sentensi ya kueleza nani anatetea nini, funga aya. Ule ujanja wa Baroka kumwambia Sadiku, mke wake mkubwa, kwamba nguvu za kiume zimemwisha ni mtamu, lakini uingie pale tu unapoonyesha mila ikishinda kwa hila.

Halafu angalia he na she. Nimesahihisha insha ambazo Sidi ni mwanamume mpaka aya ya tatu.

Mama Genge (Tukuyu)
Shikamoo mwalimu. Swali lilikuwa hilohilo, la tamthilia mbili. Kwenye mahari nilieleza na ng'ombe wetu wa Kinyakyusa, nikajua hapo nimeshusha nondo!

Mwalimu Mstaafu (Mafinga)
Marahaba. Ng'ombe wa Rungwe wakusaidie kuelewa, ila kwenye karatasi waache zizini. Ushahidi utoke kitabuni. Tamthilia ya pili uliandika kiasi gani?

Mama Genge (Tukuyu)
Mistari michache, muda ulikuwa umeisha.

Mwalimu Mstaafu (Mafinga)
Basi alama zako zimepotelea hapo zaidi ya kwenye kusimulia. Gawa muda nusu kwa nusu. Kama unayo The Black Hermit ya Ngugi, chukua Remi kuozwa Thoni, mjane wa kaka yake, kwa sababu mila inataka. Hoja ni ileile ya mila, ushahidi mwingine kabisa.

Kijana wa Mwanjelwa
Mwalimu, na mashairi je?

Mwalimu Mstaafu (Mafinga)
Fungua uzi wako, kijana. Huu ni wa mama.

Mama Genge (Tukuyu)
😂 Ninayo mwalimu. Leo usiku naandika aya ya Remi, naiweka hapa muichane.